Ganzi ya Mawifi Wawili

Watu wengi hujiita wazima kwa sababu tu hawajakanyaga hospitali. Msusi hakuwa mzima wa kubahatisha namna hiyo. Yeye alikuwa mzima wa kupimwa. Walimchukua damu, mkojo na mate, wakampulizisha kwenye mrija, wakammulika macho, wakamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira, na kila walipomaliza walimwambia neno alilolipenda kuliko sifa zote ambazo mume wake hakuwahi kumpa: "Mama, umepita."

Alikuwa na saluni ya chumba kimoja, viti viwili vya plastiki na kimoja cha kuzunguka ambacho kilikataa kuzunguka. Huko ndiko alikopatwa na utafiti, kama mtu anavyopatwa na mafua. Mteja wake mmoja, muuguzi ambaye wote walimwita Sista, alimweleza huku kichwa kikiwa kimeinama kwamba kule kazini kwao wanatafuta watu wasioumwa chochote, ili dawa mpya zijaribiwe kwao kwanza kabla hazijapewa wagonjwa. Msusi akaacha kusuka. Hospitali inayofukuza wagonjwa na kupokea wazima, hiyo lazima aione kwa macho yake.

Akaenda kwa udadisi na, tusidanganyane, kwa ile bahasha wanayoiita fidia ya muda wako. Lakini kilichomrudisha mara ya pili na ya tatu si bahasha. Ni kuulizwa. Kule kulikuwa na watu waliosoma hadi nywele zikawatoka, na kazi yao ilikuwa kukaa mbele yake na kumuuliza umelalaje, umekula nini, choo kinatoka vizuri, kigumu au laini, una mawazo gani. Katika ndoa yake yote swali alilowahi kuulizwa kwa uzito wa namna hiyo lilikuwa shati langu la kijani liko wapi.

Basi akawa mwenyeji. Alishajaribishiwa dawa ya kikohozi bila kukohoa na chanjo ya ugonjwa ambao jina lake alilitamka kwa kujiamini na kwa makosa. Saluni wakamwita Bi Mzima. Mteja akijipindapinda kitini aliambiwa atulie, anasukwa na mikono iliyopita maabara. Mume wake, fundi wa mafriji, mtu aliyeumwa mgongo, kifua na upepo kwa zamu, alimuuliza kama hawana nafasi ya mtu mwenye kichomi chini ya mbavu. Akajibiwa kwamba watu wa namna yake wamejaa tele, bure, kila kona.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtu wa tatu, dada mdogo wa Fundi. Ndoa yake ilipovunjika alikuja na masanduku mawili na feni, akasema anakaa wiki moja, na wiki ile ikaota ndevu. Alipewa chumba cha uani. Kwa Msusi huyo alikuwa wifi, na wifi kama ujuavyo anaweza kuwa polisi wa kaka yake au mshirika wako katika uhalifu. Huyu alikuwa mshirika. Fundi akifoka kwamba chakula hakina chumvi, Wifi ndiye aliyemwambia akailie baharini. Jioni wanawake hao wawili walikaa kibarazani wakimsema, naye akiwa ndani anawasikia, na hiyo ndiyo ilikuwa redio ya nyumba.

Wifi alikuwa akiuza miwani dukani kwa mtu. Duka likafungwa. Akakaa nyumbani anafuta vumbi lisilokuwepo, na kaka yake akaanza kuzihesabu chapati alizokula kwa kuzitazama tu. Ndipo akamwomba Msusi ampeleke kule kwa wazima.

Msusi hakusita. Alimwambia Sista kwamba huyu ni sawa na yeye mwenyewe, akimpokea ndiyo amempokea yeye. Usiku mzima kabla ya usaili akamfundisha: unywe maji, ukiulizwa kuhusu sigara usicheke, ukiulizwa kuhusu magonjwa ya ukoo usimtaje kaka yako, tutafukuzwa wote. Wifi akapita. Walirudi nyumbani wameshikana mikono kama wasichana waliofaulu mtihani.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa dawa ya maumivu ya mishipa, na ulianza na watu wasio na maumivu popote. Daktari aliyeusimamia alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto asiamke. Aliwaeleza kwamba baadhi yao watapewa dawa na wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hakuna ajuaye nani anameza nini, hata yeye. Msusi akauliza kama kwa hiyo hakuna mtu yeyote anayejua chochote. Daktari akasema kwa sasa, ndiyo. Wote wakafarijika. Ni nadra mtu msomi kukiri jambo hilo hadharani.

Akasema pia, na Msusi alilisikia vizuri, kwamba dawa ikimletea mtu tatizo lolote, watamtibu mpaka apone. Si kumpa pole. Kumtibu mpaka apone.

Wakalazwa ghorofani, katika wodi iliyonukia sabuni ya sakafu na karatasi. Chini ya shuka kulikuwa na plastiki iliyopiga kelele kila ukijigeuza, hivyo wodi nzima ilijua nani halali. Madirisha yalifunguka upana wa kiganja. Ukumbi wa kulia ulikuwa na meza moja ndefu, na televisheni iliyofungwa juu sana ukutani, rimoti yake ikiwa imepotea, kwa hiyo walitazama mkutano wa watu wazito wakijadili maji taka, kila siku, kwa hamu.

Mwenye wodi, kwa cheo alichojipa, alikuwa Bondia. Zamani alipigana kwa kulipwa, pua ikalala upande na haikuamka tena, lakini figo zake, alisema, ni za mtoto mchanga. Alikuwa ameshiriki tafiti nyingi kuliko mtu yeyote pale, naye ndiye aliyewafundisha wageni sheria ambayo haikubandikwa ukutani.

"Humu ndani kuumwa ni utovu wa nidhamu," aliwaambia. "Ukitaka kuugua, subiri utoke, kaugulie kwenu."

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Anayelalamika anatolewa, na aliyetolewa haitwi tena. Na safari hii kulikuwa na utamu zaidi: jengo jipya lilikuwa linamaliziwa rangi upande wa pili wa uwanja, humo utaanza utafiti mrefu, wa mwaka mzima, na watakaochaguliwa kwanza ni wale watakaomaliza huu bila doa.

Kwa mujibu wa utaratibu, kila asubuhi kila mshiriki alitakiwa kuulizwa hali yake peke yake, faraghani. Lakini wauguzi walikuwa wachache, chai ilikuwa inapoa, na Daktari alikuwa na vikao. Hivyo ikazoeleka kwamba yeye husimama mlangoni mwa ukumbi wakati wa chai na kuuliza, "Jamani, kuna mwenye tatizo lolote?" Nao, midomo imejaa mkate, huitikia kwa pamoja, "Hakuna." Bondia ndiye aliyeongoza sauti. Daktari hutabasamu, Sista hujaza karatasi zote kwa mkupuo, na sayansi husonga mbele.

Ganzi ilikuja mchana mmoja, Msusi akiwa anamsuka Wifi ili kuua muda. Kichwa cha Wifi alikijua kama mtu anavyojua mfuko wake mwenyewe. Alikuwa amefika nyuma ya sikio alipogundua kwamba anaziona nywele lakini hazisikii. Vidole vilikuwa kama vimevishwa glavu ambazo hakumbuki kuzivaa. Akavuta, akadhani amevuta kidogo, Wifi akaruka.

Alipomaliza, Wifi alijitazama kwenye simu.

"Wifi, ulikuwa unasinzia? Huu mstari unakwenda wapi? Umetoka sikioni, umepitia sokoni."

Wakacheka. Kisha Msusi akaacha kucheka, akamwonyesha mikono yake, akamweleza. Wifi akaenda kufunga mlango, akarudi, akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kwenye ncha kulikuwa na lengelenge lililojaa maji.

"Kikombe cha bati," akanong'ona. "Nilikishika kikiwa kimetoka jikoni. Sikusikia kitu. Niliona ngozi imevimba ndipo nikajua nimeungua."

Wakakaa kitandani, plastiki ikalia chini yao. Kwa Msusi jambo lilikuwa wazi. Mtu mmoja akisema vidole vimekufa ganzi, ni maneno ya mtu mmoja. Wawili wakisema, wa chumba kimoja, wenye kazi tofauti, hapo ni dawa. Na kama ni dawa, watatibiwa. Yeye bila vidole alikuwa nani? Mtu anaweza kuuza miwani kwa mdomo. Nywele hazisukwi kwa mdomo.

Wakapatana. Kesho asubuhi Daktari akiuliza, Msusi atanyoosha mkono, na Wifi atanyoosha wake papo hapo.

"Hutaniacha njiani?" Msusi aliuliza.

"Nitakuacha niende wapi? Nalala kwako, nala kwako."

Wifi akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama huyo alikuwa mkwewe Msusi, na alipokuwa hai hakumpenda Msusi hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo pengine kiapo kile kilikuwa na kasoro tangu kiwandani.

Asubuhi Daktari akasimama mlangoni, akauliza kama kawaida. "Hakuna," likaitika kanisa zima. Msusi akanyoosha mkono.

Vijiko vikasimama hewani. Bondia alimtazama kama mtu aliyeona mwenzake anavua nguo barabarani. Daktari akasema, ndiyo mama, na Msusi akasimama, akaeleza yote: lini ilianza, vidole gani, namna anavyoshika kitu bila kujua kama amekishika. Hakuogopa sana, kwa sababu alijua si peke yake.

Daktari akasogea karibu, na kwa upole wake ule akauliza meza nzima kama kuna mwingine mwenye hali ya namna hiyo.

Msusi akamgeukia Wifi. Mkono wa kulia wa Wifi ulikuwa chini ya meza. Wa kushoto ulikuwa umeshika mkate.

"Mimi sina, Daktari," Wifi akasema.

Hapo tu, Msusi angeweza kusamehe. Woga ni woga, humshika yeyote. Lakini Daktari hakuondoa macho, na Wifi akaendelea, kwa sauti ya huruma, sauti ya mtu anayemsaidia mgonjwa wake kueleza.

"Ila wifi yangu hata nyumbani huwa vidole vinamfa ganzi. Kazi ya kusuka, si unajua. Jioni huwa anavikanda kwa maji ya moto."

Uso wa Daktari ukalegea, kama wa mtu aliyetafuta ufunguo akaukuta mfukoni. Msusi akasema kwamba hajawahi kukanda vidole maisha yake yote, kwamba waangalie kidole cha Wifi, kile pale, chini ya meza. Daktari akaomba kukiona. Wifi akatoa mkono, bila haraka.

"Chai ilinimwagikia juzi," akasema. "Iliuma sana."

Iliuma sana. Maneno hayo mawili Msusi aliyabeba kwa muda mrefu baadaye, akiyageuza huku na huku kama mtu aliyepewa noti bandia na mtu anayemheshimu.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio, kwa adabu kubwa. Swali halikuwa tena vidole vimepatwa na nini. Swali likawa kwa nini mama hukutuambia kwenye usaili kwamba una tatizo la zamani. Aliyekuja na malalamiko akageuka mshitakiwa kabla chai haijapoa. Daktari alimkalisha ofisini, akamwambia hakuna anayemlaumu, watu wengi huficha, na kwamba apumzishe mikono. Angekuwepo mwingine mmoja tu, alisema, wangelitazama jambo kwa jicho jingine, hata wangesimamisha dozi. Mmoja tu. Akampa vidonge vya vitamini na maneno mazuri, vyote vya kumeza.

Sista alimsaidia kukunja nguo bila kumtazama. Mlangoni alisema kwamba yeye ndiye aliyemdhamini, miaka yote hii, na kwamba angependa angeambiwa ukweli. Bondia alikuwa kwenye korido akijinyoosha misuli. "Nilisema," alimwambia, na hakulisema kwa ubaya.

Nyumbani Fundi alisikiliza hadithi yote akiwa na bisibisi mdomoni. Kisha akaitoa, akasema yeye binafsi alishamsikia mkewe akilalamika kuchoka. Msusi akasema alilalamika miguu. Fundi akasema miguu, mikono, mwili ni huohuo mmoja. Na dada yake, alimjua tangu akitambaa, hawezi kutoa ushahidi wa uongo.

"Hakuapa kwao," Msusi akamwambia. "Aliapa kwangu."

Fundi akarudisha bisibisi mdomoni.

Saluni nako hakukuwa na huruma. Nywele hazijui kuwa umeonewa. Msusi alisuka kwa macho, polepole, kama mtu anayesoma lugha asiyoijua, na hata hivyo mistari iliyumba. Mara alivuta mno, mteja akatokwa na machozi. Mara alilegeza mno, msuko ukafumuka kabla mtu hajafika kwake. Mwalimu mmoja aliyesukwa kwa ajili ya harusi ya mwanawe alirudi kesho yake amefunga kitambaa, akakaa kimya kitini mpaka Msusi alipoelewa. Lile jina la Bi Mzima likabaki, ila sasa lilitamkwa na kicheko kidogo nyuma yake.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alijidunga sindano ya kushonea kwenye ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, akiwa amefumba macho. Alisubiri kusikia. Kidole gumba cha kushoto kilimjibu kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya pili. Vingine vilinyamaza.

Utafiti ulipokwisha, Wifi akarudi, amenenepa mashavu. Alimletea kaka yake shati. Msusi naye akaletewa mafuta ya kupaka mikono, ya kopo zuri, yenye picha ya ua.

Msusi alimfuata chumba cha uani, akamkuta anafungua sanduku, akaketi juu ya boksi la feni, maana kiti kilikuwa na nguo.

"Vidole vyako vikoje, wifi?"

"Vipo."

"Vipo vinasikia, au vipo tu?"

Wifi alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. Alishindwa kifungo cha sanduku mara mbili, akaliacha wazi. Kisha akakaa kitandani, akasema bila kugombana, kama mtu aliyeizoea hoja yake kwa kuisema kichwani.

"Tungesema wawili, tungetoka wawili. Sasa katoka mmoja. Wewe una saluni, una mume, watu wanakuita jina hata njiani. Mimi nina nini? Nina chumba cha uani cha kaka yangu. Yule bwana aliniacha akisema nina kasoro. Kwa mara ya kwanza watu wamekaa, wamenipima kila mahali, wamesema sina. Halafu ninyooshe mkono niseme ninayo?"

Msusi akakubali moyoni kwamba maneno hayo yana uzito, na akachukia kukubali.

"Ungesema huna, ukaishia hapo," akasema. "Ningekuelewa. Yale ya kukanda maji ya moto uliyatoa wapi?"

Wifi akatazama mlango.

"Alikuwa ananiangalia tu. Nikaona lazima nimpe kitu."

Hakukuwa na zaidi ya hapo. Msusi alikuwa amejiandaa kwa wivu, kwa chuki ya siri, kwa jambo kubwa la miaka lililojificha. Kumbe alitolewa kama mtu anavyotoa sarafu ili ombaomba asogee.

Akamwambia basi sasa yamekwisha, bahasha ameipata, aende akaseme. Neno moja. Watibiwe wote wawili. Wifi akasema ataona. Akasema jengo jipya linafunguliwa mwezi ujao. Akasema baada ya hilo, haki ya Mungu, atasema. Baada ya mwaka mzima wa vidonge, Msusi aliwaza, atasema kwa mdomo upi, kama nao utakuwa haujafa ganzi.

Kisha Sista akapiga simu. Kwa utafiti ule mrefu walitakiwa kumuuliza mtu anayeishi na mshiriki, na namba ya nyumba ile waliyokuwa nayo ilikuwa ya Msusi. Sista aliuliza kikazi, kana kwamba hajawahi kuinamisha kichwa chake katika kiti cha plastiki: je, huyu ndugu ana tatizo lolote la afya analolifahamu?

Msusi alitoka nje ya saluni ili asisikike. Akamwambia ukweli, kwa utulivu aliokuwa ameujenga siku nyingi. Kwamba Wifi ana ganzi kama yake. Kwamba hafungi vifungo. Kwamba hataki aadhibiwe, anataka apimwe. Wamfumbe macho, wamdunge sindano ya kushonea, waone kama atashtuka. Na wakishaona, wamwite na yeye.

Upande wa pili Sista akashusha pumzi.

"Alituambia utasema hivyo," akasema. "Alisema una uchungu tangu utolewe, na tusikuchukie. Anakuombea sana."

Msusi akabaki ameshika simu sikioni hata ilipokwisha kukatika. Ndani, mteja alikuwa anamwita, nusu kichwa kikiwa tayari.

Siku ya Wifi kwenda jengo jipya, walikuwa wote watatu sebuleni. Wifi alikuwa amevaa gauni la samawati na kiatu kipya, amependeza, hakuna wa kubisha. Alikuwa na mkufu mwembamba shingoni, ncha zote mbili nyuma ya kisogo, na alikuwa akihangaika nazo mbele ya kioo kwa muda ambao hata kioo kilichoka. Kulabu ilimponyoka, akaishika, ikamponyoka. Hakuwa anaangalia mikono yake. Alikuwa anaangalia uso wake, kama anayekiomba kioo kisimseme.

Mwishowe akasema, "Wifi, nifungie."

Msusi akasimama nyuma yake. Kwa nini alisimama, hata yeye hakujua. Labda mazoea, kisogo kile alikuwa ameshakihudumia mara nyingi mno. Akashika ncha mbili. Aliziona, lakini hazikuwepo. Akaleta kulabu kwenye pete, ikapita pembeni, akaleta tena. Mkufu ukateleza, Wifi akaudaka kifuani, akaurudisha nyuma kwa vidole vyake, na kwa muda mikono minne ikawa pale kwenye shingo moja ikigongana, ikipapasa, kama watu waliozimiwa taa katika chumba kigeni. Wifi akatoa kicheko kidogo, kilekile cha zamani cha kibarazani, kikamtoka bila ruhusa. Msusi naye alikaribia.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kochi na kikombe. Aliacha kunywa. Alimtazama mkewe akishindwa. Halafu alimtazama dada yake akishindwa. Macho yake yakatoka kwenye mikono ya huyu yakaenda kwenye mikono ya yule, yakarudi, na Msusi, aliyekuwa akimwona kwenye kioo, aliona kabisa wakati jambo lilipomwingia. Mtu anayetengeneza mafriji si mjinga. Akiona mashine mbili zimekufa kwa namna moja, anajua umeme ni ule mmoja.

Akaweka kikombe chini. Akaja, akawasogeza taratibu, akashika mkufu kwa yale madole yake mazito yenye grisi, akafunga kulabu mara moja.

Msusi akasubiri. Alisubiri neno lolote, hata swali, hata tusi.

"Nenda," Fundi akamwambia dada yake. "Utachelewa."

Wifi akachukua mkoba, akatoka. Fundi akarudi kwenye kochi, akatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Akasema chai imepoa. Msusi alivaa viatu vyake, jambo lililochukua muda, na hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Saluni mteja alikuwa anamsubiri mlangoni, mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa bado anakuja kwa sababu ya urafiki. Msusi akamkalisha. Kabla ya kugusa unywele alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mteja yeyote: kwamba vidole vyake havisikii, kwa hiyo atakuwa anauliza, na yeye amjibu ukweli. Nikivuta sana, sema.

Akachana, akatenga mstari wa kwanza, akaanza kusuka.

"Naumiza?"

"Hapana, endelea tu. Sisikii kitu."

Msusi akasimamisha mikono, akainama mbele, akamtazama usoni, aone kama huo ni ukweli au ni urafiki tu.